Nahisi nimefungua chekechea ya watu wazima

Dada, habari za kazi. Naandika usiku manake mchana sipati hata dakika, nisamehe nikirukaruka.

Nilikuwa mwalimu wa watoto wenye usonji miaka kumi na moja, na kilichonitoa shuleni ni simu. Mwanafunzi anamaliza, tunapiga picha, tunalia, miezi mitatu minne haijaisha mama yake ananipigia, mwalimu huyu mtoto tangu amalize hajatoka nje, mchana analala usiku anazunguka nyumba nzima, amenenepa, na mimi kazi nimeacha nakaa naye. Simu ya kwanza, ya pili, ya sita. Na karibu wote ni wale wasioongea kwa mdomo, wanaoongea angalau baadhi walipata pa kwenda. Basi nikakodi vyumba viwili nikaanza na vijana watatu. Sasa mwaka wa tatu huu ninao tisa, mdogo ana miaka 19 mkubwa 33, na staf tuko wanne ukinihesabu na mimi.

Ratiba niliihamisha kutoka shuleni kwa sababu ndiyo niliyoijua. Asubuhi wimbo wa salamu tukiwa kwenye duara, halafu kazi za mezani, kutunga shanga, kupanga vitu kwa rangi, kupaka rangi picha, mapumziko, mazoezi kidogo, muziki, nyumbani. Shanga jioni tunazifumua ili kesho ziwepo, bajeti yenyewe ndiyo hivyo.

Sasa ishu. Kuna kijana nimwite Musa, sio jina lake, ana 24. Alivyokuja alikuwa mpole mpaka tunamsahau. Siku hizi ukimwekea boksi la shanga anachukua kifuniko, anakirudisha juu ya boksi, anakibonyeza kona zote nne mpaka kikae sawa, analisukuma mbele. Staf analirudisha, anafungua. Anafunga tena. Ikifika mara ya tatu ya nne anashuka kwenye kiti analala sakafuni, na kumnyanyua huwezi ni mkubwa, ukimshika mkono anajiuma hapa chini ya kidole gumba mpaka pameota sugu. Na mwezi huu kaanza kitu kipya, anajipiga shavuni, upande mmoja huohuo. Wiki iliyopita katika purukushani kiwiko chake kikampata dada mmoja, mzazi wa yule dada kasema ama Musa atoke ama wao watoke.

La pili. Staf wangu mmoja, mtu mzuri sana na ana moyo wa hii kazi kuliko sisi wote, alienda mafunzo akarudi na ubao wa herufi. Anamshika kijana mmoja kiwiko, kijana ananyooshea herufi moja moja. Siku ya kwanza akaandika MAMA NAKUPENDA MIMI SIO MJINGA NATAKA KUSOMA SHERIA. Mama yake alilia mpaka akakaa chini, na mimi nililia. Sasa wazazi wote wanataka ubao. Lakini kuna kitu kinanikaa kooni na naona aibu kukisema. Yule staf alipoumwa wiki nzima kijana hakuandika herufi hata moja na mtu mwingine. Na akiwa anaandika mara nyingi haangalii ubao, anaangalia dirishani.

La tatu ni ripoti za maendeleo, wazazi wanazitaka na sina cha kuandika. Baba mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, mwalimu, hivi mwanangu akija hapa anafanya nini? Nikamwambia anatunga shanga. Akasema, alikuwa anatunga vizuri tu akiwa na miaka saba. Akaaga akaondoka. Tangu siku hiyo silali. Nifunge au?

Mwalimu niliyechoka

*

Mwalimu,

Usifunge kwanza. Rudi juu kasome ulichoandika mwenyewe kuhusu kile kifuniko.

Umekieleza vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuniandikia, kona zote nne umeziona, halafu ukaendelea mbele kama vile hujaona kitu. Huyo kijana anakuambia hapana. Anakuambia kwa adabu kabisa, hakutupa shanga, hakupindua meza, kafunga boksi na kulirudisha kwa mwenyewe, mimi na wewe tungesema "asante, zimenitosha". Mmelifungua. Akasema tena. Mmelifungua. Ndipo akalala chini, na ndiyo hapana ya sauti ya juu, na mlipomshika mkono akajiuma. Wewe umeniandikia kuhusu tabia, mimi nimesoma mazungumzo ambayo upande mmoja hausikilizi. Sikulaumu, ni macho ya shule hayo, shuleni mtoto asipokaa mezani tunaandika "hajakaa mezani".

Kabla sijaenda mbali lakini, lile shavu. Kujipiga upande uleule, na kumeanza mwezi huu, hilo usiliweke kapu moja na shanga. Kesho ongea na nyumbani kwao aende kwa daktari wa meno na wa masikio, kabla ya chati yoyote, kabla ya kikao chochote. Niliwahi kufanya kazi na bwana mmoja asiyeongea aliyekuwa anajigonga taya na kiganja, tukamtengenezea jedwali la nyota, akikaa nusu saa bila kujigonga anapata nyota, tukaenda hivyo wiki tatu tukijisifu kwamba nyota zinaongezeka. Lilikuwa jino limeoza mpaka kwenye mzizi. Mpaka leo nikiona nyota za kubandika roho inaniuma. Mtu asiyeweza kusema "naumwa hapa" anaumwa vilevile tu, meno, masikio, kiungulia, tumbo lililofunga siku nyingi, na kwa kina dada maumivu ya mwezi, kwa hiyo tabia ikibadilika ghafla anza na mwili. Kifafa nacho kinawapata watu wenye usonji zaidi ya watu wengine, na kinaweza kuanza ujanani kabisa kwa mtu ambaye utotoni hakuwahi kuwa nacho, kwa hiyo staf wote wanne wajue cha kufanya mtu akianguka, wasijifunzie siku hiyo. Na ukiona mtu anazidi kuwa mzito, anaganda mlangoni dakika nyingi, anashindwa kuanza kitu alichokuwa anakifanya jana, usiandike uvivu, hiyo nayo ni ya hospitali.

Tukirudi kwenye hapana. Hii kwa mtazamo wangu ndiyo kazi yako ya kwanza, na usipoifanya hizo nyingine zote utakuwa unapaka rangi ukuta mbovu. Kila mmoja wa hao tisa awe na njia moja ya kukataa ambayo staf wote wanaijua na wote wanaiheshimu papo hapo. Kwa Musa tayari ipo, ni kifuniko, usimfundishe nyingine ili tu ifanane na ya wenzake. Kwa mwingine inaweza kuwa kadi nyekundu, kusukuma kwa kiganja, kugeuza uso. Ziandike zote tisa kwenye karatasi moja ukutani. Akikataa, kitu kinaondoka mezani sekunde hiyohiyo, hamna "maliza hizi tano kwanza". Kwa sababu akikataa mara kumi na ikasikika mara mbili atajifunza kwamba ya kufunga boksi haifanyi kazi, inayofanya kazi ni ya kujiuma, na hapo mwalimu aliyemfundisha kujiuma ni nani?

Najua utaniambia watakataa kila kitu. Ndiyo, mwanzoni watakataa kila kitu, mtu aliyenyimwa neno miaka ishirini akilipata atalitumia mpaka lichakae, na we vumilia. Ikishaaminika kwamba hapana ni hapana, inapungua yenyewe, na ndiyo nazo zinaanza kuwa za kweli. Kuna vitu havikataliki, dawa, kubadilisha nguo iliyolowa, kushikwa mkono barabarani, sawa. Kwa hivyo usiulize. Kosa ambalo wote tunalifanya ni kuuliza "twende tukabadilishe?" halafu akisema hapana tunambeba. Ukiuliza, kubali jibu, kama jibu liko moja tu basi mwambie kitakachotokea na umpe nafasi ndani yake, sasa tunabadilisha nguo, utatembea mwenyewe au nikushike, hii au ile.

Na kuna sababu nyingine nayoiandika nikiwa sina raha. Mtu mzima asiyeongea, anayesaidiwa chooni, aliyefundishwa miaka yote kwamba mtu mzuri ni yule anayetii kila mkono unaomgusa, huyo ndiye mhalifu anamtafuta. Hawezi kukataa na hawezi kusimulia. Hawa vijana wako wapole mnaowasahau, wale ndio wa kuwaangalia zaidi. Kwa hiyo hapana pia ni kufuli. Weka utaratibu wa nani anamsaidia nani chooni na uujue kila siku kwa maandishi, na kwenye kadi zao pawe na picha za mwili mzima, sehemu za siri zikiwemo, na maneno kama "aliniumiza" na "sitaki anishike". Staf wengine wataona haya. Waone haya, kadi ziwepo.

Haya, ubao wa herufi. Hicho kilichokukaa kooni ni akili yako inafanya kazi, usiione aibu.

Njia ya kumshika mtu mkono au kiwiko ili aandike ilianzia Australia miaka ya 1970, Melbourne, kwa Rosemary Crossley, na kufika miaka ya 1990 mwanzoni Douglas Biklen wa chuo kikuu cha Syracuse alikuwa ameshaipeleka Marekani na ikaenea kama moto, wazazi wakilia vilevile kama mlivyolia nyinyi. Halafu watu wakaipima. Walimwonyesha kijana picha moja na msaidizi picha nyingine, bila msaidizi kujua kwamba ni tofauti, na kilichoandikwa tena na tena kikawa ni kile alichoona msaidizi. Wasaidizi hawakuwa waongo, hilo ulishike sana utakapoongea na staf wako, wengi walizimia moyo kugundua kwamba ni wao. Mkono unasukuma bila mwenyewe kujua, misuli inafuata kile unachokitegemea. Na kibaya zaidi, kabla ya kupimwa kuna familia zilizosambaratika kwa tuhuma nzito zilizoandikwa kwa njia hiyo. Mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi cha Marekani, ASHA, kilitoa tamko kwamba njia hiyo isitumike, na mwaka huohuo kikatahadharisha pia kuhusu ile ya kumshikia mtu ubao mbele ya uso huku unamhimiza.

We fanya hivi, na ufanye kwa upendo sio kama mahakama. Staf atoke nje. Wewe na kijana mkae, umpe kitu akishike, mswaki, ufunguo, chochote anachokijua. Kifiche. Staf arudi, amshike kiwiko kama kawaida, umuulize kijana alishika nini. Rudia siku tofauti na vitu tofauti. Ikitoka sawasawa mara nyingi, nitafurahi kuliko wewe. Isipotoka, basi ule ubao haukuwa sauti yake, na kuendelea nao ni kumwekea mtu maneno mdomoni kila siku huku yeye anaangalia dirisha. Lile dirisha kwa kweli mimi ndilo ningeanza nalo. Kuna nini huko nje?

Kumwambia mama yake itakuwa siku mbaya na sina njia ya kuilainisha. Ila usiruhusu mtu yeyote, na wewe ukiwemo, atoke hapo na hesabu kwamba basi kijana hana kitu kichwani. Jaribio limepima njia, halijampima yeye. Kutoongea sio kutoelewa, kwa baadhi yao shida iko kwenye kuupanga mwili, ubongo unatuma agizo mkono unachelewa au unakwenda kwingine. Mtaalamu mmoja, Anne Donnellan, aliandika mwaka 1984 kwamba pale usipokuwa na uhakika, chagua dhana ambayo ikija kuonekana sio kweli itakuwa imemdhuru mtu kidogo zaidi. Yani ukiongea naye kama mtu mzima anayeelewa, na kumbe alikuwa haelewi yote, umepoteza nini? Pumzi. Ukiongea naye kama mtoto miaka kumi na kumbe alikuwa anaelewa kila neno, hiyo utairudishaje. Na wapo watu wasioongea wanaoandika wenyewe, hakuna aliyewashika, ila walifika huko kwa miaka mingi na kidole chao.

Kwa hiyo hela ya ubao wa wote inunulie kitu ambacho mkono ni wake peke yake. Picha zilizochapwa na kulaminetiwa zinatosha kuanzia, tableti yenye programu ya kutoa sauti ikipatikana ni vizuri zaidi. Kiwe kinamfuata kila mahali, chooni, kwenye gari, nyumbani, kwa sababu kifaa kinachokaa kabatini na kutolewa saa ya somo hicho sio mdomo hicho ni daftari. Hakichukuliwi kama adhabu, hata siku moja. Na nyinyi staf muwe mnaongea huku mnanyooshea picha hizohizo, mfululizo, hata kama yeye haangalii, hamna mtoto aliyejifunza kuongea kwa kuambiwa tu "sema". Ukiuliza kitu nyamaza uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi, taratibu. Utashangaa, majibu mengi tunayakatiza kwenye nne. Mzazi akikuambia picha zitamfanya asiongee kabisa, mwambie kuna mapitio ya tafiti ya mwaka 2006 kuhusu watu waliopewa njia mbadala za mawasiliano, kati ya 27 ambao ushahidi wao ulikuwa imara zaidi hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua, na wengi wao uliongezeka kidogo.

Sasa shanga. Mwalimu, jioni mnazifumua. Anaziona? Hata asipoziona, asubuhi anakuta boksi lilelile limejaa, na jana alitunga. Fikiria wewe unajenga ukuta mchana, usiku unabomolewa, na kesho unaambiwa hongera jenga tena. Ungefunga kifuniko lini, siku ya pili? Yeye kavumilia hadi mwaka huu.

Kazi ya mtu mzima ina mwisho unaoonekana, na kuna mtu atakosa kitu isipofanyika. Miche inanyauka isipomwagiliwa. Karatasi za ofisi ya jirani zinajaa zisipochanwa. Taulo hazikunjwi zenyewe, gari haliji kujiosha, vitabu vya maktaba vinarudi na lazima virudi kwenye rafu. Anza na moja au mbili kwa watu wawili watatu, usigeuze ratiba yote kwa siku moja utawavuruga, na ratiba mpya iwekwe kwa picha siku kadhaa kabla haijaanza. Toka kwenye hivyo vyumba viwili. Watu tisa, rangi, muziki, mwangwi, ndani ya vyumba viwili mchana kutwa, hata mimi ningelala chini, gawanya, nusu wako nje wanatembea nusu wako ndani, badilisheni. Pawe na kona tulivu yenye hedifoni ambayo mtu anaenda kwa miguu yake, sio ya kupelekwa akikosea. Wimbo wa salamu uzikwe leo, weka muziki wanaousikiliza watu wa umri wao na kila mtu asalimiwe kwa jina lake anapoingia, imetosha. Na kile wanachotengeneza kikiuzwa hela ni ya aliyetengeneza, hapo sina mjadala. Kama anataka siku nyingine akae tu kwenye benchi aangalie magari, akae, wewe Jumamosi unafanya nini?

Ripoti zitajiandika. Badala ya "anaendelea vizuri" utaandika kwamba wiki hii alikataa mara kumi na nne na zote zilisikilizwa, aliomba maji kwa picha mara tatu bila kuulizwa, alijiuma mara mbili na wiki iliyopita ilikuwa tisa. Staf awe na kikaratasi mfukoni anapiga mistari, basi. Yule baba mpe hiyo, na mwambie ulikosea kuhusu shanga, mtu aliyeuliza kwa upole vile ana haki ya kujibiwa.

Kwa mzazi anayetaka Musa atoke usimjibu kwa kumtetea Musa. Mtoto wake kapigwa kiwiko, ana haki ya kukasirika. Mwambie ulichobadilisha na lini, mwambie Musa hatashikwa tena akiwa sakafuni, kila mtu atampisha na yule dada atakaa upande mwingine wa chumba kwa sasa, omba wiki sita. Akikataa, kakataa, na yeye hapana yake uisikie.

Wewe kulala sijui nikusaidieje, dada wa usiku mwenzio. Ila Jumatatu kabla Musa hajafika lile boksi liweke kwenye rafu anayoifikia, kifuniko juu, na mezani pake pasiwe na kitu, mkae naye hapo kimya muone ataanzia wapi. Akienda kulichukua mwenyewe niandikie, nitakuwa nimemsoma vibaya na nitaomba radhi hapahapa.